Feni ya elfu tisini kwenye kompyuta ya laki mbili na nusu

Najua nimepotea, na wapo walioniuliza kama nimedisko. Hapana, bado nipo, ila mwezi huu ulikuwa wa projekti, UE na kutafuta hela ya luku, vyote kwa mpigo. Leo nimepata upenyo kidogo na kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita. Ni kuhusu feni. Sio pangaboi, hilo la kwetu liliacha kuzunguka tangu mwezi wa pili. Naongelea feni za ndani ya kompyuta, zile za bei mbaya, na kama kweli mwanafunzi anayekula wali maharage ana sababu ya kuzinunua.

Wanaonifahamu wanaijua mashine yangu. Ni ya mezani, ya kuunga-unga. Kasha nilirithi kwa jamaa aliyemaliza chuo, prosesa ni Core i5-4570 ya mwaka 2013, SSD ndiyo pekee niliyonunua mpya. Ukijumlisha yote haizidi laki mbili na nusu. Inakaa geto, Msewe, hatua mbili tu kutoka kitanda cha rumeti. Rumeti wangu ni mtu wa Ualimu, mpole, analala mapema kama mzee wa kijiji. Mwaka jana alipigwa sup moja, na mwaka huu kaapa kwamba hairudii.

Sasa usiku wa Jumatano nilikuwa naendesha simulesheni ya projekti. Kawaida inamaliza kwa saa tatu. Siku hiyo saa ya tano inakatika na bado kazi haijafika hata robo tatu, huku feni inaunguruma kama mashine ya kusaga. Rumeti alikuwa na mtihani saa 2 asubuhi. Ilipofika saa 8 usiku akageukia ukutani akasema, "Kaka, hiyo ndege yako inaruka lini?" Nikacheka. Haikupita hata dakika kumi, mashine ikajizima yenyewe. Giza, kimya, simulesheni imekwenda na maji. Kutoka kitandani nikasikia sauti moja tu: "Afadhali."

Asubuhi nilimwona anaondoka na macho mekundu kama mtu aliyetoka kwenye msiba. Jamani, hilo ndilo liliniuma. Simulesheni ningeirudia. Mtihani wake hata kama naujua siwezi kumfanyia.

Nikafika darasani nimevimba kwa usingizi, nikamsimulia mchizi mmoja ambaye tunamwita Mtaalamu. Hakufikiria hata sekunde. "Feni zako za kimaskini hizo. Vuta Noctua mbili, habari imekwisha."

Kwa wasiozijua, Noctua ni kampuni ya Austria, ilianza mwaka 2005, na feni zake za kawaida utazitambua hata gizani kwa ile rangi ya maziwa na chokoleti ambayo sijui nani aliichagua. Ile inayosifiwa zaidi ni NF-A12x25 iliyotoka mwaka 2018. Nje inauzwa kama dola 30 hivi. Ukibadilisha kwa shilingi, ukaweka cha juu kidogo cha mletaji, mwenzenu nilikadiriwa elfu 90 kwa moja. Mbili ni laki na elfu 80. Nilikuwa na laki mbili kamili iliyobaki kwenye boom. Na nilikuwa na shangazi anarudi kutoka Dubai wiki inayofuata, begi lake lina nafasi. Nikamwandikia ujumbe. Akajibu, "Sawa mwanangu, nitumie jina lake vizuri nisije nikakuletea feni ya mezani."

Nilishaanza kuandika jina. Halafu nikajiuliza swali la kijinga: mbona simulesheni ilianza kuchelewa kabla mashine haijazima? Feni kupiga kelele ni jambo moja, kompyuta kupoteza kasi ni jambo jingine. Nikatafuta bisibisi.

Wadau, niliyoyakuta humo ndani naona hata aibu kuyaandika. Vumbi lilikuwa limefuma mkeka. Hitisinki ya prosesa ilikuwa imezibwa kiasi kwamba ukiangalia kwa juu huoni alumini, unaona blanketi la kijivu. Lakini hiyo sio mbaya zaidi. Ile hitisinki ya Intel inashikiliwa na miguu minne ya plastiki, ile ya kubonyeza mpaka ilie "ta". Mguu mmoja ulikuwa umechomoka. Kitu kimekaa upande, kama kofia ya mlevi. Pesti iliyokuwa katikati ya prosesa na hitisinki imekauka mpaka inavunjika kama chaki.

Kwa hiyo nikakaa chini nikawaza. Joto la prosesa linasafiri hivi: linatoka kwenye prosesa, linapita kwenye pesti, linaingia kwenye hitisinki, ndipo feni inakuja kulichukua na kulipeleka nje kwa upepo. Feni ni konda wa mlangoni. Abiria wakiwa wamekwama katikati ya daladala hata umlete konda hodari kuliko wote wa Mbagala, hashushi mtu. Prosesa ikifika joto la kikomo (hii yangu kikomo chake kiko karibu na nyuzi 100) inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana saa tatu ziligeuka tano. Na ikizidiwa kabisa, mashine inajizima. Kwa hali niliyoikuta, ningefunga Noctua mbili zikapuliza upepo mzuri sana kwenye blanketi la vumbi.

Nikaenda kwa fundi wa jirani, akanipulizia vumbi kwa bloa kwa buku mbili. Nikanunua kijibomba cha pesti kwa elfu 6. Nikafuta ile ya zamani kwa spiriti, nikapaka mpya tone dogo, nikabonyeza miguu yote minne mpaka nikaisikia. Kabla ya hapo kazi nzito ilikuwa inasoma nyuzi 98. Baada ya hapo, kazi ileile, chumba kilekile, bati lilelile juu linapiga joto, ikasoma 76. Nyuzi 22 kwa elfu 8. Feni hazijaguswa!

Hapo ndipo nilipoanza kuwatilia shaka watu wa Noctua. Sio kwamba feni zao ni mbaya, msininukuu vibaya. Zimetengenezwa kwa akili nyingi. Kati ya ncha ya pangaboi na fremu wameacha nafasi ya nusu milimita tu, ili upepo usirudi nyuma kupitia pembeni. Kuacha nafasi ndogo hivyo sio mchezo, kwa sababu plastiki ya kawaida ikizunguka kwa miaka kwenye joto inatanuka polepole, mwisho itaanza kusugua fremu. Ndiyo wakaja na plastiki yao ngumu wanayoiita Sterrox. Beringi ni ya mafuta yenye shinikizo, na wanaikadiria saa 150,000, yaani zaidi ya miaka 17 bila kuzimwa. Dhamana miaka 6. Unalipia kitu cha kweli, sio stika.

Swali ni kama hicho kitu ndicho unachokihitaji wewe. Na hapa watu wengi wanachemsha, maana wanaamini feni ghali inaleta ubaridi. Hakuna feni ya kompyuta inayoleta ubaridi. Inahamisha hewa, basi. Kama chumba chako kina nyuzi 33, na nyumba za bati za Dar mwezi wa pili mnazijua, basi hewa inayoingia kwenye mashine ni ya nyuzi 33, iwe imeletwa na feni ya elfu 8 au ya elfu 90. Wazungu wanaopima hizi feni wanakaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Ukisoma kwamba prosesa yao ilifika 65, ongeza kumi na kitu za kwetu halafu ndiyo uanze kushangilia. Tofauti ya feni nzuri na feni bora kabisa, zikiwa zinapiga kelele sawa, mara nyingi ni nyuzi chache tu. Kwa prosesa ya wati 84 kama yangu, sidhani hata ningeiona.

Na soko lenyewe limebadilika. Mwaka huohuo wa 2018 ilipotoka ile ya Noctua, Arctic wakatoa P12, feni ya ukubwa uleule, nayo ina beringi ya mafuta, kwa kama dola 10, na ukichukua za pakiti bei inashuka zaidi. Kuna Thermalright wana kitu kinaitwa Peerless Assassin 120, hitisinki nzima ya minara miwili pamoja na feni zake mbili, kwa bei inayocheza kwenye dola 35 hadi 40. Mnanipata? Mzigo mzima, kwa bei ya feni moja ya Noctua na chenji kidogo. Na vipimo vya watu wengi viliikuta inakaribiana sana na NH-D15, ile hitisinki kubwa ya Noctua ya mwaka 2014 inayouzwa zaidi ya dola 100.

Sasa msije mkakimbilia upande wa pili. Kuna watu nikiwaambia haya wanasema safi, basi natwanga ile ya Kariakoo ya elfu 8 yenye taa za rangi. Hapana bwana! Hiyo nimeshainunua, na ndiyo iliyokuwa inalia usiku ule. Nieleze kwa nini, maana hili ndilo lilinifungua macho.

Feni ile ina bushi, sio beringi. Bushi ni kijitundu chenye tone la mafuta, ekseli inazunguka humo. Mkiwa mafundi wa pikipiki mnajua mwisho wake. Joto likikausha mafuta, vumbi likaingia, inaanza kukwaruza. Yangu ilidumu miezi mitano kabla ya kuanza kuimba. Ukinunua mbili kwa mwaka kwa miaka mitatu, umeshatumia elfu 48 na umesikiliza taarabu ya bure miaka yote hiyo.

La pili ni plagi. Ile feni inachomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai, ile plagi kubwa ya diski za zamani. Maana yake inapata volti 12 muda wote. Kompyuta ikiwa inafungua barua tu, feni inakimbia mwendo wa mwisho. Kompyuta ikiwa imepoa kabisa, feni inakimbia mwendo wa mwisho. Haina breki. Feni yenye nyaya nne inachomekwa kwenye madabodi, na madabodi ndiyo inaiamuru iende polepole au haraka kulingana na joto.

Na kupunguza mwendo ndiyo siri ya kelele, wadau. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa inayopita inapungua kwa nusu, sawa, lakini umeme inaokula unashuka hadi moja ya nane, na kelele inashuka kama desibeli 15. Hiyo ni tofauti kubwa mno kwa sikio. Sikio la rumeti haswa. Feni ya elfu 30 inayozunguka mara 800 kwa dakika itamwacha mtu alale kuliko feni ya elfu 90 inayozunguka mara 2,000.

Basi nikamwandikia shangazi nikamwomba radhi, sitaki feni tena. Akanijibu, "Alhamdulillahi, nimeshajaza begi." Nikaenda mjini mwenyewe nikapata moja ya nyaya nne, milimita 120, beringi ya mafuta, kwa elfu 30. Nikaifunga nyuma ya kasha. Nikaingia kwenye BIOS nikaipangia mwendo: chini ya nyuzi 60 itambae, ikizidi hapo iongeze pole pole. Angalizo dogo kwa wenye zile mashine za ofisini zilizotumika: pimeni kwanza. Nyingi zinameza feni ya milimita 92 tu, na baadhi plagi yake ni ya peke yake, feni ya dukani haiingii bila adapta. Ukifunga ovyo, mashine itakuwa inakulalamikia kila ukiiwasha kwamba haioni feni.

Nilikuwa nimeshafika hapa kwenye mawazo yangu, nimeridhika, najiona nimemshinda Mtaalamu. Nikampelekea hesabu zote. Hakubisha. Akaniambia tu, "Twende Sinza kwa mwanangu, ukasikilize."

Huyo mwanawe ana studio. Studio maana yake chumba kimoja, magodoro yamesimamishwa ukutani, maiki katikati, kompyuta pembeni, hatua moja na nusu kutoka kwa maiki. Anarekodi vijana wa mtaani, elfu 30 kwa wimbo. Akatuwekea vokali mbili kwenye hedifoni. Ya kwanza ya mwaka jana: msichana anaimba vizuri, ila kwenye kila pumziko, pale anapovuta pumzi, unasikia nyuma yake "zzzzzz". Hiyo ni feni. Ukijaribu kuichuja unaichuja pamoja na sauti ya msichana, inabaki nyembamba kama anaimba kwenye bomba. Ya pili imerekodiwa chumba hichohicho, baada ya kufunga Noctua tatu na kuzipunguza mwendo. Kwenye mapumziko hakuna kitu. Kimya kabisa.

Nikamuuliza kwa nini hakununua za dola 10 akazipunguza mwendo. Akasema alijaribu. Zilikuwa na mwendo fulani ambapo zinatoa mlio mwembamba wa kudumu, sikio la kawaida halisikii, maiki inasikia. Akabadilisha mwendo, kompyuta ikapata joto katikati ya kurekodi. Alilipa karibu laki 3 kwa feni tatu, na hajutii hata senti. Wasanii wawili waliokuwa wamemkimbia wamerudi.

Kwa hiyo hapo nilinyoosha mikono. Ukifunga feni ile kwa ajili ya ubaridi umeibiwa, na hakuna aliyekuibia ila wewe mwenyewe. Ukiinunua kwa ajili ya kimya, na kimya hicho kinakuletea hela au kinamlinda mtu, hesabu inabadilika. Yule bwana wa Sinza yuko sahihi kulipa elfu 90. Mtaalamu, ambaye kompyuta yake inacheza FIFA kwenye chumba chenye subwufa, hayuko sahihi, na nimemwambia. Amenuna kidogo, atasoma hapa atanuna tena.

Hata ile dhamana ya miaka 6 inayotajwa sana, mimi naiangalia kwa jicho la kwetu. Ni dhamana nzuri, lakini feni iliyokuja kwenye begi la shangazi, risiti imeandikwa jina la duka la nchi nyingine, ikifa mwaka wa nne nitaanzia wapi? Nauli ya kuirudisha si inanunua nyingine ya bei ya kati? Kwa mtu anayenunua kwenye duka lililo mtaa wa pili, dhamana ni hela. Kwangu ni karatasi.

Na kuna kitu kingine ambacho sikukiwaza nilipokuwa na laki mbili mkononi. Umeme wetu unakatika, ukirudi unarudi na hasira. Kwa laki na elfu 80 ningekuwa na feni mbili tamu sana kwenye mashine ambayo siku moja ingekufa kwa umeme kurudi vibaya. UPS ndogo ya mtumba nimeiona kwa elfu 90. Bei ya feni moja! Bado sijainunua, ila ndiyo iko mbele kwenye foleni, kabla ya kitu chochote cha rangi ya chokoleti.

Juzi usiku niliirudia simulesheni. Nilianza saa 4, nikamwomba rumeti ruhusa kabisa, maana alikuwa na mtihani mwingine kesho yake. Akasema nijaribu, ila akisikia ndege anachomoa waya. Saa 7 kasoro kazi ikaisha, joto halikuvuka 78. Nikageuka kumwambia, nikakuta anakoroma, tena kwa sauti kubwa kuliko feni mpya. Kwa hilo sijapata kifaa, mwenye kujua anitonye.

Matokeo yake ya ule mtihani wa Alhamisi bado hayajabandikwa. Kila nikimwona anapita kwenye ubao wa matangazo natazama pembeni.

Haya, nina kipindi saa 8 na luku inasoma uniti mbili. Tutaonana.